Kununua ukulele mpya dukani: kagua hivi kabla hujalipa

Mtu akianza kujifunza ukulele, ile ala ndogo ya nyuzi nne inayofanana na gitaa, kisha akaacha baada ya mwezi, aghalabu hulaumu vidole vyake. Atasema ni vinene, au vizito, au amechelewa kuanza. Mimi nafundisha watoto na watu wazima, na nikiletewa ala ya mtu aliyekata tamaa, kitu cha kwanza ninachofanya ni kubonyeza nyuzi zote kwenye freti ya kwanza, kile kichuma cha mwanzo kabisa shingoni. Mara nyingi nyuzi zimekaa juu kiasi kwamba hata mpiga gitaa wa bendi angetoka jasho. Mwanafunzi hana kosa. Ameuziwa ala ambayo haijamaliziwa kutengenezwa.

Ukulele ikitoka kiwandani bado ina kazi imebaki. Pale shingo inapokutana na kichwa kuna kipande chembamba cha plastiki au mfupa chenye vijinjia vinne, kila kimoja kimeshika uzi wake. Nitakiita kizingiti. Viwanda vingi huviacha vijinjia hivyo vikiwa na kina kifupi kwa makusudi, kwa sababu kijinjia kifupi kinaongezeka kina kwa tupa, lakini kikichimbwa kupita kiasi hakirudi. Kipande kizima inabidi king'olewe na kuwekwa kingine. Kiwanda hujiwekea usalama, kazi ya kumalizia inaachiwa duka. Duka la ala za muziki lenye fundi litaifanya. Muuzaji anayekutumia boksi lile lile lililofungwa kiwandani hawezi kuifanya, hata awe mwaminifu namna gani. Ndiyo maana nawashauri watu waende dukani kwa miguu yao, washike, wabonyeze, wasikilize, hata kama bei itazidi kidogo ile waliyoiona kwenye simu.

Amua saizi ukiwa nyumbani

Ukifika dukani bila kujua unataka saizi gani, utaondoka na ile muuzaji anayotaka iondoke. Saizi za kawaida ni nne. Soprano ndiyo ndogo na ndiyo ya asili, ina urefu wa takriban sentimita 53 kutoka kichwani hadi mkiani. Konsati ina takriban 58, tenori 66, na baritoni 76. Tatu za kwanza hufungwa nyuzi zenye sauti zile zile, yaani G, C, E na A, kwa hiyo ukijifunza kordi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, kwenye moja, umezijua zote tatu. Baritoni ni nyingine kabisa: ina D, G, B na E, sawa na nyuzi nne nyembamba za gitaa.

Kwa mtu mzima anayeanza, mimi husema nunua konsati. Freti zake zimeachana vya kutosha vidole visigongane, na bado ina ule mlio mchangamfu unaomfanya mtu aipende ukulele. Mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu apewe soprano, kwa sababu mkono wake hautafika vizuri kwingine. Tenori inamfaa mwenye mikono mikubwa au anayetaka kupiga nyimbo kwa kudonoa noti moja moja. Baritoni nisingemshauri mtu ainunue kama ala ya kwanza, isipokuwa mpiga gitaa anayetaka kitu chepesi cha kusafiri nacho. Atakayeinunua bila kujua atafungua masomo ya ukulele, aweke vidole kama alivyoelekezwa, na kila wimbo utatoka kwa sauti tofauti na ile ya mwalimu.

Kuna jambo linalowashangaza wapiga gitaa. Uzi wa G, ule ulio karibu na kidevu chako unaposhika ala, si mzito kuliko mingine. Sauti yake iko juu ya C na E. Hivyo ndivyo ukulele ilivyo, na ule mlio wake wa kukimbia-kimbia unatokana na hapo. Usimwambie fundi kwamba amekosea kufunga. Wapo wanaopenda G nzito, hasa kwenye tenori, na nyuzi zake zinauzwa. Lakini kijinjia cha uzi huo lazima kipanuliwe kwanza, kwa hiyo kama unaitaka, sema mapema.

Kwa walioko Kanada: mwalimu J. Chalmers Doane aliwafundisha watoto wa shule za Halifax ukulele tangu miaka ya 1960, na kutokana na mafunzo yake shule nyingi za huko zilizoea kufunga nyuzi kwa A, D, F kali (F iliyopanda nusu sauti) na B. Ukinunua huko kwa ajili ya mtoto, muulize kwanza mwalimu wake.

Mashoto naye afikirie mapema. Nyuzi zinaweza kugeuzwa, lakini vijinjia vya kizingiti vimechongwa kwa unene wa uzi fulani, na nyuzi zikigeuzwa bila vijinjia kurekebishwa uzi mmoja utacheza na mwingine utabanwa. Hiyo nayo ni kazi ya fundi.

Tafuta duka lenye fundi, si lenye kioo kizuri

Katika miji yetu mingi duka la ala za muziki huuza vinanda, spika, maikrofoni na magitaa, na ukulele zinaning'inia kwenye kona. Hilo si tatizo. Unachotafuta ni kama kuna mtu pale anayejua kushika tupa. Njia nzuri ya kumpata ni kuwauliza wapigaji. Mpiga gitaa wa kanisani kwenu anajua ni nani huwa anamrekebishia. Ukiwa karibu na chuo cha muziki, kama TaSUBa pale Bagamoyo, Dhow Countries Music Academy kule Unguja, au Kenya Conservatoire of Music jijini Nairobi, waulize walimu na wanafunzi wa ala za nyuzi. Anayemtengenezea mtu udi au gitaa vizuri ataiweza ukulele, maana kanuni ni zile zile na ukulele ni ndogo zaidi.

Kisha nenda ukaongee. Mazungumzo mafupi yanatosha kukuonyesha upo wapi:

"Shikamoo mzee. Ukulele za konsati mnazo?"

"Marahaba. Zipo. Ya mtoto au yako?"

"Yangu. Nikiichukua hii, mtanishushia nyuzi hapa juu kwenye freti ya kwanza?"

Akijibu, "Hebu tuone, hapa imekaa juu kweli, iache mpaka kesho mchana," umefika. Akijibu, "Hii ni original bosi, haina shida," huku hata hajaigusa, mshukuru na uendelee na safari yako. Simaanishi kwamba anakudanganya. Hajui tu unachouliza, na asiyekijua hawezi kukufanyia.

Duka zuri pia huziweka ukulele zake zikiwa na nyuzi zilizokazwa na zinazokaribia kuwa na sauti sahihi, mbali na dirisha linalopigwa na jua. Ukikuta zote zimelegea na zina vumbi, hakuna anayezishika.

Mbao, na pesa yako iende wapi

Ukulele ilizaliwa Hawaii, lakini mizizi yake iko Madeira, kisiwa cha Ureno. Tarehe 23 Agosti 1879 meli iitwayo Ravenscrag ilitia nanga Honolulu ikiwa na Wamadeira waliokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwamo maseremala watatu, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo, ambao baadaye walianza kutengeneza huko ala ndogo za nyuzi nne kama zile za kwao. Mfalme Kalākaua alizipenda, zikapigwa ikulu, na Wahawaii wakazifanya zao. Mafundi wa huko walitumia mbao ya koa, mti wa jamaa ya migunga usioota kiasili popote pengine. Kampuni ya Kamaka, iliyoanzishwa mwaka 1916, bado inatengeneza ukulele Honolulu na bado iko mikononi mwa familia hiyo.

Nimeyataja haya kwa sababu muuzaji anaweza kukuambia ala yake ni ya koa na bei ikawa ndogo ajabu. Koa halisi ni ghali. Ukulele ya koa nzima kutoka Hawaii huuzwa dola elfu moja za Marekani na kuendelea. Ile ya bei ndogo huwa na utando mwembamba wa koa juu ya mbao nyingine, na hakuna ubaya wowote, mradi ujue unalipia nini.

Swali la maana kuliko jina la mti ni hili: ni plaiwudi au ni mbao nzima? Plaiwudi ni tabaka kadhaa zilizogundishwa. Mbao nzima ni ubao mmoja. Njia rahisi ya kujua ni kuangalia ukingo wa tundu la sauti. Ukiona mistari ya tabaka, kama mkate uliopakwa siagi katikati, hiyo ni plaiwudi. Ukiona mishipa ya mbao ya juu inaendelea mpaka ndani ya ukingo bila kukatika, huenda ni ubao mmoja. Wakati mwingine ukingo umepakwa rangi ya kuficha, na hapo itabidi usome lebo au uulize.

Mbao nzima huimba zaidi, na huendelea kufunguka sauti kadiri unavyoipiga. Lakini ni laini kwa hali ya hewa: ikikauka hupasuka, ikilowa huvimba. Plaiwudi huvumilia. Kwa ukulele ya kwanza, hasa ya mtu anayeishi Pwani, anayeibeba kwenye daladala au matatu na kuiacha chumbani bila uangalizi, napendekeza plaiwudi nzuri bila kusita. Kwa bei za Marekani, plaiwudi iliyotengenezwa kwa uangalifu hupatikana kati ya dola 60 na 120, na kutoka makampuni yanayojulikana kama Kala au Ohana utaipata humo humo. Mbao nzima huanzia kama dola 200. Zile za rangi rangi za chini ya dola 30 nyingi ni za kuchezea. Freti hazijapangwa kwa vipimo na hakuna fundi atakayezinyoosha. Huku kwetu ongeza usafiri na ushuru.

Zipo pia za plastiki ngumu, na sizidharau. Anayetaka ala ya kwenda nayo ufukweni au ya kuwaachia watoto wa Sunday school, plastiki iliyotengenezwa vizuri itamfaa kuliko mbao ya ovyo.

Ukipanga bajeti, toa kwanza pesa ya fundi, begi na tyuna (kifaa cha kupimia kama uzi una sauti sahihi), ndipo ujue iliyobaki kwa ajili ya ala. Ukulele ya bei ya kati iliyorekebishwa itakupa raha kuliko ya bei kubwa iliyoachwa kama ilivyotoka kiwandani.

Ukaguzi wenyewe

Hapa usiharakishe. Beba simu yenye programu ya tyuna, kipande cha karatasi, na kadi zako za benki, nitaeleza kwa nini. Mwambie muuzaji kabisa kwamba utachukua muda. Mwenye duka anayejiamini hakasiriki.

Anza na macho. Inua ala usawa wa jicho, kichwa kikiwa kwako, uchungulie shingo kama fundi seremala anavyochungulia ubao. Shingo iliyopinda au kujikunja inaonekana. Kisha pitisha kiganja ubavuni mwa shingo, juu na chini. Ncha za freti zisikukwaruze. Zikichoma, maana yake mbao imekauka ikasinyaa na chuma kimebaki pale pale. Fundi anaweza kuzisugua, lakini jiulize ala hiyo imehifadhiwa wapi.

Angalia daraja, kile kipande kilichogundishwa usoni mwa ala ambacho nyuzi zimefungwa. Jaribu kuingiza kona ya karatasi kati yake na ubao kwa upande wa nyuma. Ikiingia, gundi imeanza kuachia, na nyuzi zinalivuta daraja mchana na usiku. Iache hiyo ala. Washa tochi ya simu uangaze ndani ya tundu: gundi iliyotapakaa kidogo si neno, lakini vijiti vya ndani vinavyoshikilia uso vinatakiwa viwe vimeshikana sawasawa. Gonga mwili wa ala taratibu kwa kifundo cha kidole pande zote. Ukisikia kitu kinatetemeka ndani, kuna kilicholegea.

Nenda kwenye funguo za kukazia nyuzi. Zile zenye meno zinazochomoza pembeni hukaza kidogo kidogo, na anayeanza huzimudu kwa urahisi. Zile za zamani zinazotoka moja kwa moja nyuma ya kichwa hushikilia kwa msuguano tu, na zikiteleza hukazwa kwa skrubu ndogo iliyo mwishoni. Zote ni sawa, ila jaribu kila moja: isiwe na mchezo, isirudi yenyewe.

Halafu nyuzi. Ukulele ya saizi hizi tatu hufungwa nyuzi za nailoni au za jamii yake. Zile nyeupe za Aquila kutoka Italia utaziona kila mahali. Ukikuta imefungwa nyuzi za chuma za gitaa, usiichukue hata kwa punguzo. Mvuto wa chuma ni mkubwa kuliko uwezo wa ubao huo, na huenda madhara yameshaanza ndani usikoona.

Sasa tyuni. Kaza kila uzi mpaka tyuna ikubali: G, C, E, A. Nyuzi mpya zitalegea kila dakika, usijali, rudia. Kisha fanya kipimo ambacho kwangu ndicho kikuu. Piga uzi wa A ukiwa wazi, hakikisha mshale umekaa katikati. Bonyeza uzi huo huo kwenye freti ya 12, upige tena. Hapo uzi umegawanywa nusu, kwa hiyo tyuna inapaswa kusema A ile ile, ya juu yake. Mshale ukisogea kidogo sana, hakuna shida, hakuna ala iliyonyooka kabisa. Ukiruka wazi upande wa kulia, kuna tatizo, na inafaa ujue ni lipi. Rudia kwa nyuzi zote nne. Kama ni uzi mmoja tu unaokosea, huenda uzi wenyewe ni mbovu, omba ubadilishwe. Kama zote zinapanda na nyuzi ziko juu sana, fundi akizishusha kosa litapungua. Kama zote zinapanda na nyuzi tayari ziko chini, daraja limegundishwa mahali si pake. Hiyo hairekebishiki kwa gharama ya maana, rudisha ukutani.

Kujua kama nyuzi ziko juu, ndipo kadi zinapohusika. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76. Pima nafasi kati ya kilele cha freti ya 12 na uzi: kadi tatu ziingie bila kuusukuma uzi, ya nne iwe inabana. Hiyo ni kama milimita mbili na nusu hadi tatu, kimo kinachofaa watu wengi. Zikiingia sita, mkono utauma.

Kwenye kizingiti pima hivi: bonyeza uzi kwenye freti ya 3 na uchungulie juu ya freti ya 1. Pawe na uwazi mdogo, kama unene wa karatasi, na ukiudonoa uzi hapo usikie kijilio kidogo cha kugusa chuma. Uwazi ukiwa mkubwa, kila kordi inayotumia freti za mwanzo itatoka kali hata kama umetyuni vizuri. Ndiyo maana ala nyingi husikika sawa zikiwa wazi, ukipiga kordi ya F tu masikio yanakataa.

Mwisho, piga kila uzi kwenye kila freti mpaka ya 12. Ni noti 48, hazichukui dakika tano. Unatafuta uzi unaokwaruza, au noti inayokufa ghafla wakati jirani zake zinavuma. Mkwaruzo mahali pamoja ni freti iliyonyanyuka. Fundi ataigonga au kuisugua. Mkwaruzo kila mahali ni shingo au nyuzi zilizoshushwa mno.

Usikilize ukiwa mbele yake

Ukiwa umeishika, tundu la sauti linaangalia wengine, kwa hiyo husikii wanachosikia. Mwombe muuzaji au yeyote aliyepo apige kordi chache huku umesimama hatua kadhaa mbele. Fanya hivyo kwa ala mbili tatu za aina moja. Hata zilizotoka kiwanda kimoja, wiki moja, hazilii sawa. Nimeona mara nyingi ya bei ya chini ikiishinda iliyo juu yake. Hapa sikio lako lina haki ya kuamua, hata kama hujui kordi moja. Ikikufurahisha, utaishika kila jioni, na hilo lina uzito mkubwa katika kujifunza.

Kupatana

Punguzo la shilingi ni zuri, lakini mimi huwahimiza watu waombe kazi badala ya pesa. Sema: "Bei yako nakubali, ila nishushie nyuzi, nipe seti moja ya akiba na tyuna ya kubana kichwani." Mwenye duka mara nyingi hukubali hilo haraka kuliko kupunguza bei, na wewe umepata kitu cha thamani zaidi.

Kama una nafasi, kaa uone fundi akifanya. Hulegeza uzi, huuegesha pembeni, hupitisha tupa nyembamba kijinjiani mara mbili tatu kwa mwelekeo wa kichwa, hupuliza vumbi, huurudisha uzi, hutyuni, hubonyeza freti ya 3, huchungulia. Halafu anaanza tena. Fundi mzuri hukata kidogo na kupima mara nyingi. Akienda kwenye daraja, huchomoa kile kijipande cheupe kinachobeba nyuzi, hukisugua upande wa chini kwenye msasa uliolazwa mezani, kwa sababu ukiondoa milimita mbili pale, uzi unashuka milimita moja kwenye freti ya 12. Ukimwona anakisugua upande wa juu, mwulize kwa upole kwa nini. Upande huo una umbo lake.

Kabla hujalipa kubalianeni kwa maandishi kwenye risiti: utaweza kuirudisha kwa marekebisho kwa muda gani, na kipi kimo kwenye waranti. Mwezi mmoja wa marekebisho ya bure ni ombi la haki. Begi lichukue lenye sponji. La kitambaa kitupu halizuii hata kugonga mlango wa basi.

Wiki za mwanzo

Nyuzi mpya za nailoni hunyooka kwa siku kadhaa, wakati mwingine zaidi ya wiki. Tyuni kila unapoishika, ukianzia chini ya sauti unayoitaka na kupanda, si kushuka. Unaweza kuuvuta kila uzi taratibu kwa kidole kutoka usoni mwa ala, kisha utyuni tena, huharakisha kutulia. Wanaoanza huogopa kwamba funguo ni mbovu, ilhali ni nyuzi tu.

Kuhusu hewa, mbao hupenda unyevu wa kati ya asilimia 40 na 60. Dar es Salaam na Mombasa huzidi hapo, Dodoma hupungua wakati wa kiangazi, na chumba chenye kiyoyozi Muscat au hita ya majira ya baridi Ulaya hukausha kupita vyote. Ukihama na ala kutoka Pwani kwenda bara, iache ndani ya begi lake siku mbili tatu izoee, na kama ni ya mbao nzima weka begini kijifuko cha kurekebisha unyevu kinachouzwa madukani. Kwenye gari lililoegeshwa juani usiiache hata kwa dakika za kununua mboga. Gundi ya daraja hulainika kwa joto na nyuzi humalizia kazi.

Kama ubao wa vidole wa ala yako ni wa mpingo, huo unaotoka kwetu kusini mwa Tanzania, fahamu kwamba jamii yote ya miti hiyo iliwekwa mwaka 2017 chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini. Mwaka 2019 ala za muziki zilizokamilika zilitolewa kwenye masharti hayo, kwa hiyo kusafiri nayo hakuna taabu. Risiti ya duka iweke begini hata hivyo.

Baada ya mwezi rudia vipimo vile vile nyumbani: kadi kwenye freti ya 12, uwazi kwenye freti ya 1, tyuna kwa nyuzi zote nne. Mbao ikishatulia katika nyumba yako, kimo cha nyuzi huweza kubadilika kidogo, na huo ndio wakati wa kuitumia ile ahadi iliyoandikwa kwenye risiti. Mweleze fundi ni uzi gani na freti ya ngapi, umpigie asikie, na umwachie ala siku nzima ikihitajika.